Besani Chini ya Kitambaa

Sharti la kwanza la mzee Jivan lilikuwa kunyamaza. Kwa Saumu, ambaye tangu Lweba alikozaliwa mpaka Baraka alikoolewa hakuna aliyewahi kumwona akiteka maji bila kuongea, hilo lilikuwa sharti la kuua. Lakini alilikubali. Angekubali hata kukatwa ulimi, ilimradi siku ya nane isifike.

Jivan alikuwa Mhindi mkongwe, ami wa mwenye duka la vitambaa. Alivuka ziwa kutoka Kigoma akisema amekuja kufia kwa mtoto wa ndugu yake. Akafika, akaonja samaki wa Baraka, akaghairi kufa, akaanza kutibu watu. Utabibu aliurithi kwa babu zake, na kila mwaka mvua za kwanza zilipoanza alijifungia siku tisa katika nyumba ya uani, akila kidogo, akisali, hasemi ila asubuhi wakati wa kutoa dawa. Aliyetaka kusafishwa tumbo kwa njia yake sharti aingie naye humo. "Kila muntu na Mungu wake," alisema, na kweli hakumwingilia mtu dini yake. Yeye alikaa na kijitaa chake cha samli upande mmoja wa ua, na Rehema, mgonjwa wake wa mwaka ule wa hamsini na sita, alikaa na tasbihi upande wa pili.

Rehema alikuwa mke wa pili wa Nasoro, mchuuzi aliyenunua ndagala, wale dagaa wa ziwani, huko Swima na kuwapandisha Fizi. Saumu ndiye mke wa kwanza. Kwa miezi minne tumbo la Rehema lilikuwa likimchoma, kila anachokula kinarudi kooni na uchungu wake, na yule binti aliyekuja na mashavu yake alikuwa amekonda kama ng'onda. Dawa za minyoo alikunywa, kombe alikunywa, nafuu hakuiona. Ndipo Shangazi Zaituni, dada mkubwa wa Nasoro, alipoanza kusema lile neno ambalo katika nchi ile husemwa mapema mno: mtoto wa watu amelishwa kitu.

"Kikulacho ki nguoni mwako," alikuwa akisema, huku akiitazama kanga ya Saumu utadhani ina chawa.

Jivan alitaka mwanamke mmoja wa kumhudumia mgonjwa, na awe anakula naye chungu kimoja. Nasoro akamtaja Saumu. Watu walidhani Zaituni atapinga, wala hakupinga. Alisema tu kwamba siku ya nane, siku ya kutapika, atakuja kuangalia besani kwa macho yake mwenyewe. Kila mtu alielewa maana yake. Aliyelishwa kitu, akitapishwa vizuri hukitoa, hata kiwe kimelala tumboni mwaka mzima: unywele, ukucha, kijinyama cheusi. Kikitoka, Saumu angerudi Lweba siku hiyo hiyo, na watoto wake watatu wangebaki, maana watoto ni wa nyumba ya baba.

Mwanamke asiye na neno moyoni angecheka. Saumu hakuweza kucheka, kwa sababu alikuwa ameweka.

Mara moja tu! Ilikuwa mwezi uliofuata Idi. Siku hizo Nasoro alikuwa akirudi kutoka Fizi na kukaa akicheka kwa maneno ya Rehema, kicheko ambacho Saumu hakuwa amekisikia tangu alipozaa mtoto wa kwanza. Mwanamke mmoja wa milimani, aliyeteremka sokoni na mihogo yake, akampa unga wa kijivu uliofungwa katika jani la mgomba. "Haiue," alimwambia. "Inapoza tu bwana moyo yake kwa ule mwenye anaikunywa." Saumu akatia kiasi cha kushikwa kwa vidole viwili katika bakuli la uji, akampelekea mwenzake, akaondoka mbio asimwone akinywa. Ujinga wa wivu huo: hutenda, kisha hutazama pembeni.

Wiki mbili baadaye kitinda mimba wa Saumu akashikwa na surua, na ni Rehema aliyekaa naye mapajani siku tisa, akimpepea, akimlainishia chakula kwa meno yake mwenyewe. Mtoto akapona. Tangu hapo Saumu alimpenda Rehema kama wametoka tumbo moja. Na hapo ndipo tumbo la Rehema lilipoanza kuchoma.

Basi siku tano za kwanza katika nyumba ya Jivan zilikuwa za samli. Saumu aliipasha moto asubuhi, kikombe kikiongezeka kila siku, na Rehema akaimeza amefumba macho na kuibana pua. Chakula chao wote wawili kilikuwa mchele na choroko vilivyopikwa pamoja mpaka vikalegea, bila pilipili, bila samaki. Siku ya sita na ya saba zikawa za mafuta ya ufuta. Jivan hakumgusa mke wa mtu. Alisimama mlangoni akiwa ametazama nje, akaelekeza kwa maneno machache, na Saumu akamkanda mgonjwa kutoka utosini hadi nyayoni, kisha akamfunika blanketi na kumfukiza kwa mvuke wa majani.

"Sasa muzigo inatembea," mzee alisema asubuhi ya saba. "Ile yote ilikuwa inajificha, iko inakusanyika kwa tumbo. Kesho itatoka."

Mwiko ulimdondoka Saumu mkononi. Kutwa nzima maneno hayo yalimzunguka kichwani, na kwa kuwa hapakuwa na mtu wa kuongea naye, hayakuwa na pa kutokea. Akisali, aliyasikia. Akiosha vyombo, aliyasikia. Alijaribu kukumbuka rangi ya unga ule, akajiuliza kitu cha kijivu kikikaa tumboni miezi mitano hugeuka nini. Aliogopa. Aliogopa Lweba, alikokuwa na mama tu aliyeishi kwa huruma ya kaka yake, na aliogopa zaidi sauti ya kitinda mimba akiuliza mama yuko wapi.

Alasiri, akimkanda Rehema mgongo, alijaribu. "Rehema," alinong'ona, "mi niko na neno."

Rehema akageuka, akaweka kidole mdomoni, akatabasamu. Alidhani mwenzake ameshindwa na kimya, kama mji mzima ulivyotabiri. Saumu akaendelea kukanda, na machozi yakachanganyika na mafuta.

Siku ya nane ikafika, kama siku zinavyofika. Baada ya sala ya alfajiri Jivan aliagiza maziwa ya moto, vikombe sita, kimoja baada ya kingine, halafu unga mweusi uliokorogwa kwa asali, halafu maji ya mizizi. Kila kilichoingia alikipima kwa kikombe cha bati na kuchora mstari wa chaki ukutani. Rehema akaanza kutoka jasho. Kisha akatapika.

Saumu alimshika paji la uso kwa mkono mmoja, na kwa mwingine akashika besani. Uso wake aliuelekeza ukutani. Hakuangalia mara ya kwanza, wala ya pili, wala ya tano. Kila mwili ule mwembamba ulipojikunja kwenye mkono wake, naye alijikunja pamoja nao, akiomba kwa Mungu kila kitu kwa mara moja: apone, kisitoke, kitoke chote, asife.

"Basi," Jivan alisema baada ya mara ya saba. "Imekwisha. Usimwange. Nitapima." Akaenda kunawa na kumaliza sala yake mbele ya kijitaa.

Saumu alimlaza Rehema kwenye mkeka, akamfuta mdomo, akatupa kitambaa juu ya besani bila kutazama. Choo kilikuwa hatua kumi tu. Akiimwaga, amejitangaza. Asipoimwaga, angoje. Alikuwa bado amesimama hapo, mlango wa ua ulipofunguka na Shangazi Zaituni akaingia, ameoga, amejifunga kanga mpya za kwenda mbele za watu.

"Iko wapi?"

Saumu akaonyesha kwa kidevu.

Zaituni hakufunua upesi. Mwanamke yule aliyajua mambo yake. Alizunguka kwanza uani akitafuta kijiti, akakiona kimoja, akakivunja ncha, akakipangusa taratibu kwa vidole.

"We umeona nini ndani?"

Saumu akafungua kinywa ili aseme hajaona kitu.

"Ni mi," akasema. "Shangazi, ni mi! Nilitia unga katika uji yake, mara moja tu, nyuma ya Idi. Ule mama wa mulima alisema haiue, inapoza tu. Mi sikutaka afe, wallahi, Rehema, mi sikutaka ufe..." Maneno ya siku saba yalimtoka yote kwa mkupuo, na alipotaka kuyazuia alikuwa amekwisha kupiga magoti. Wahenga walisema afadhali kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi, lakini wahenga hawakufungiwa siku saba na woga wao bila wa kumwambia.

Jivan alikuja na mikono iliyolowa.  Aliinama, akafunua kitambaa.

Palikuwa na maziwa yaliyokatika, na juu yake maji ya njano ya nyongo. Zaituni akachokoa kwa kijiti chake, akachokoa tena mpaka chini, akainamisha besani upande huu na upande ule. Hapakuwa na unywele, hapakuwa na ukucha.

"Maziwa, dawa, nyongo," Jivan alisema. "Hii tumbo iko na moto mingi, basi. Kitu ingine haiko."

Rehema alijiinua kwa kiwiko. Sauti yake ilikuwa imekwaruzika. "Uji gani?"

"Ile ya mahindi," Saumu alilia. "Ile asubui ulikuwa na homa kidogo."

"Yenye ilinuka moshi?"

"Iyo."

"Sikuikunywa," Rehema alisema. "Nilimumwangia bata ya jirani. Na ule bata iko, mpaka leo iko na batoto kumi."

Katika siku nyingine yoyote wanawake watatu wangecheka mpaka wakashika mbavu.  Miezi mitano Saumu alikuwa ameubeba mzigo huo, na sasa alikuwa ameutua mwenyewe, mbele ya mtu yule yule ambaye hakupaswa kuuona.

Zaituni aliangusha kijiti, akatoka kwenda barazani pa duka, ambako Nasoro alikuwa anangoja. Saumu aliisikia sauti yake ikipanda, kisha ya Nasoro, ya chini. Alijiuliza nguo zake zitafungwa na nani. Zaituni aliporudi, hakumwangalia.

"Nasoro anasema mwenye tumbo ndiye ataamua," akamwambia Rehema. "Sema neno moja tu, mwana wangu. Leo hii anapanda njia ya Lweba."

Rehema aliivuta tasbihi yake karibu. Alikuwa amechoka mno, na macho yalikuwa yamekauka.

"Abakie," alisema. "Bale batoto bananiita mama. Mi nitabaambia mama yabo ameenda wapi? Abakie, Shangazi, na hii neno isitoke kwa hii mulango."

Saumu alilia kwa sauti, bila haya, akamshika miguu. Alikuwa na nyumba. Alikuwa na watoto wake. Jivan akamwonyesha kwa mkono sufuria ya maji ya mchele, kitu cha kwanza kuingia katika tumbo lililosafishwa, ambayo Saumu mwenyewe alikuwa ameichemsha tangu alfajiri. Akajifuta machozi, akachota bakuli, akapuliza mpaka yakapoa. Akapiga magoti kando ya mkeka, akamwinua Rehema kichwa, akamsogezea bakuli mdomoni.

Midomo ya Rehema ilikuwa imekwisha kufunguka. Ikafumba tena.

Liko neno ambalo katika nchi ile mgeni humwambia mwenyeji asiyemjua, anapopewa kikombe katika nyumba ya watu. Ndani ya familia ya chungu kimoja halisemwi. Rehema alilisema bila hasira, polepole, macho yake yakiwa ndani ya bakuli.

"Onja kwanza, dada."

Saumu akaonja. Rehema akamtazama koo mpaka akahakikisha amemeza, ndipo akanyoosha mkono.