Nuru Ipitayo Juu ya Jiko la Awor

Mkwe mwanamume haingii jikoni kwa mama mkwe wake. Akiingia, hulipa mbuzi. Sheria hiyo ilijulikana Iyolwa na ilijulikana Busia. Bwire, fundi wa mawasiliano aliyezaliwa Busia akaoa Iyolwa, aliishika miaka sita bila kuteleza.

Mwaka huo alikuwa amejenga mtambo wa kupeleka habari kwa mwali wa nuru usioonekana, kutoka ukuta wa zahanati alikofanya kazi mkewe Prossy, juu ya bonde la kinamasi, hadi mnara wa shule. Kwa mwali huo wauguzi walituma picha za watoto walio tumboni kwa madaktari wa Tororo. Asubuhi picha zilifika safi. Saa sita mchana zilikatika. Wakaguzi wakatoa neno: Ijumaa zikikatika tena, mtambo utang'olewa.

Bwire alikuwa ameipima njia yote ya mwali, isipokuwa hatua ishirini. Hapo palikuwa na ua wa Awor, mama mkwe wake, na kwa heshima aliuzunguka ameinamisha macho.

Alhamisi saa sita, alipokuwa akiuzunguka tena, aliinua macho. Juu ya paa la jiko, mkaratusi wa ng'ambo ya bonde ulionekana ukichezacheza, wala hapakuwa na upepo. Akaufuata mchezo ule, kipimo mkononi, na alipozinduka alikuwa amesimama jikoni, mbele ya kikaango kipana cha bati, Awor akikaanga wimbi, ule ulezi wa kupikia pombe.

Awor akajifunika uso kwa leso, akageukia ukuta.

“Prossy,” akamwita binti yake, aliyekuwa amekuja kula. “Mwulize mkwe wangu, amepotea njia au ametumwa na njaa?”

“Mwambie Mama anisamehe,” Bwire akasema, macho chini. “Hewa ya moto inapanda hapa na kuupinda mwali. Unayumba, unakikosa kioo cha kuupokea kule mnarani.”

“Kioo kimoja tu?”

“Kimoja, Mama,” akajibu Prossy.

“Na sasa anataka nizime moto.”

Wimbi huo ndio uliomsomesha Prossy uuguzi; Bwire hakuthubutu kusema ndiyo.

“Mwambie, wazee wakizunguka chungu cha pombe kila mmoja ana mrija wake. Machicha yakiuziba mmoja, mingine inavuta. Yeye alifundishwa wapi kunywesha kijiji kizima kwa mrija mmoja?”

Prossy akacheka hata akakaa chini. Bwire hakucheka; alikuwa na vioo vitatu vya akiba sandukuni tangu Januari. Jioni hiyo akavifunga mnarani pamoja na kile cha kwanza, akiviachanisha, ili mwali ukikikosa kimoja upokelewe na kingine. Tena akaupanga mtambo urudie kila habari baada ya kitambo kidogo.

Ijumaa saa sita, Awor akaongeza kuni mbili kwa makusudi. Mkaratusi ulicheza kuliko siku zote. Picha ya mtoto ikafika nzima, vidole vikahesabika, na wakaguzi wakatia sahihi.

Jumamosi Bwire alisimama nje ya ua akimshika mbuzi. Alimpa Prossy kamba, Prossy akampa mama yake. Awor akampapasa mbuzi mbavuni.

“Amekonda kama mwenyewe,” akasema, bado amempa mkwewe mgongo. “Mwambie nimempokea. Na abaki ale. Nitawanenepesha wote wawili.”

Akamfunga mbuzi kwenye nguzo ya jiko.