Godoro la Baba Mkwe

Matroni aliweza kumwambia mtu yeyote jambo lolote, isipokuwa baba mkwe wake. Nyumba yake ya kulea wazee ilijaa watu waliomzidi umri na ukaidi, naye aliwaogesha, akawakata kucha na kuwaamulia ugomvi wa blanketi bila kupepesa macho. Lakini huyu mzee wa chumba cha mwisho, aliyehamia pale baada ya kufiwa na mkewe, alikuwa mzazi wa mumewe. Mbele yake ulimi wa Matroni ulikuwa mzito kama jiwe.

Alikuwa dereva mstaafu wa malori, na kwa jinsi alivyopenda kutoa amri, wazee wenzake walimbandika jina la Jenerali. Jenerali huyu alivuta sigara kitandani kwa siri iliyojulikana na nyumba nzima. Tena, asubuhi nyingi godoro lake lilikutwa limelowa.

"Dari inavuja, mkwe wangu," alisema.

Ulikuwa msimu wa kiangazi, hata wingu halikuonekana. Matroni akamwita mumewe apande juu ya paa. Mume akapanda, akapapasa mabati, akashuka na vumbi hadi kwenye kope.

"Mama watoto, paa ni zima."

"Najua ni zima."

"Sasa ulinipandisha kwa nini?"

"Ulitaka nimjibu nini baba yako?"

Mume akajipangusa vumbi.

Mambo yalichachamaa siku alipokuja mkaguzi wa zimamoto. Alipoinua shuka ya Jenerali, alikuta kwenye sponji tundu jeusi, kubwa kama kifungo cha koti.

"Nani kaliunguza hili?"

"Mbu," akasema Jenerali.

"Mbu gani anaunguza godoro?"

"Wewe hujalala humu."

Mkaguzi hakucheka. Alimwambia Matroni kwamba magodoro yote ya sponji tupu yaondoke, yaje yasiyoshika moto kirahisi. Matroni akaongeza sharti lake kimoyomoyo: yasipitishe maji pia.

Muuzaji wa kwanza alikuja na tai shingoni na maneno matamu. Alilisimamisha godoro lake ukumbini, akalipiga makofi kama fahali wa mnadani. Wazee walivuta viti wakakaa, maana siku hiyo televisheni ilikuwa imeharibika.

"Hili, mama, maji hayapenyi hata tone."

Matroni akamimina jagi zima. Maji yalitulia juu kidogo, kisha yakaanza kuhamia pembeni, kwenye mishono, na huko yakapotea. Bibi mmoja aliyekuwa fundi cherehani, wakimwita Bibi Sindano, akainama kutazama.

"Mwanangu, hapa umeshona chujio," akasema.

Muuzaji akakimbilia sifa ya moto. Walitoka uani, akashika kipande cha godoro kwa koleo, akawasha kiberiti. Kipande kilishika moto papo hapo, kikaanza kudondosha matone yanayowaka. Tone moja likatua kwenye kiatu chake. Alikivua kwa kasi ambayo wazee waliisimulia wiki nzima.

"Sampuli hii ni ya zamani," akasema, amesimama kwa mguu mmoja.

Muuzaji wa pili alikuwa mama wa makamo, mpole, aliyeongea kwa kituo. Godoro lake la kwanza lilivikwa plastiki nene. Bibi Sindano akajilaza, akajigeuza, na plastiki ikapiga kelele kama mtu anayefungua zawadi.

"Nikijigeuza hapa, hata majirani watajua."

Yule mama hakubishana. Alileta lingine kutoka kwenye gari, lenye kitambaa laini kinachovutika, mishono yake imeunganishwa kwa joto badala ya uzi, na zipu imefichwa chini ya ukingo. Maji yalikaa juu mpaka yakafutwa kwa tambara. Kipande chake kilipochomwa kilikunjamana, kikawa cheusi, na kiberiti kilipoondolewa kikazimika chenyewe.

"Sisemi haliungui kabisa," akasema. "Linachelewa kushika moto, mpate nafasi ya kuwatoa watu. Cheti cha vipimo hiki hapa."

Matroni alikuwa bado anasoma cheti Jenerali alipojongea na fimbo yake.

"Godoro halisomwi. Linalaliwa."

Akajinyoosha. Kabla hawajamaliza kumpisha, alikuwa anakoroma. Wazee wengine wakaenda kunywa chai. Matroni na yule mama walibaki wakijadili usafirishaji kwa sauti ya chini, na ndipo wote wawili wakaona: chini ya kiuno cha Jenerali dimbwi dogo lilikuwa linatanda polepole.

Muuzaji akageuka kutazama dirisha kwa makini sana. Jenerali akaanza kujitikisa, anaamka. Bila kuwaza, Matroni akanyakua jagi na kummwagia maji miguuni na kiunoni.

Mzee akaketi kama aliyepigwa shoti.

"Mkwe wangu, unanimwagia maji?"

"Nisamehe, baba. Najaribu godoro. Mkono umeteleza."

Jenerali alipapasa suruali yake. Akalitazama jagi, akamtazama muuzaji aliyekuwa bado dirishani, kisha akamtazama Matroni kwa muda mrefu. Akaingiza mkono mfukoni, akatoa pakiti ya sigara iliyorojeka.

"Na hizi umezilowesha."

"Ndiyo, baba."

"Basi zichukue. Nikitaka kuvuta nitakwenda kwenye benchi la uani." Akakohoa. "Chini yamepita maji?"

Matroni akafungua zipu, akaingiza mkono. "Kukavu kabisa."

"Linunue. Na jagi liwekwe chumbani kwangu. Kazi ya kujaribu haiishi siku moja."

Magodoro yaliletwa, na mkaguzi aliporudi alitia sahihi bila kuuliza habari za mbu. Asubuhi nyingi Jenerali alimwita mkwewe mlangoni, akasema kwa utulivu, "Umejaribu tena," naye akajibu, "Nisamehe, baba," akafuta, akabadilisha shuka, wakaendelea kuulizana habari za watoto. Hakuna aliyeona haya. Ni Bibi Sindano tu aliyepeleka malalamiko: huo ni upendeleo, la Jenerali linajaribiwa kila kukicha, na lake tangu lije halijaonja hata tone.