Swali Kabla ya Kipaza Sauti

Kwenye chumba cha kamati kipaza sauti hakiwashwi ovyo. Sheria mpya inataka kila anayekuja kuwashawishi wabunge aseme kwanza, watu wote wakisikia, anamsemea nani na analipwa na nani. Anayeuliza ni karani, na karani yule hakuwa na mzaha: asubuhi hiyo alikuwa ameshawakausha midomo mawakili wawili na bwana mmoja wa viwanda.

Kisha akaingia mjomba wake.

Mjomba aliyemlea, mwalimu mstaafu, ndani ya suti mpya ambayo inzi angetua angeteleza. Mjadala ulikuwa wa kupiga marufuku soda shuleni. Alipofika mezani kwa karani akainama.

"Mwanangu, mimi usinihangaishe na swali lenu."

"Mjomba, ni sheria."

"Na adabu, mmeifuta?"

Karani akabonyeza kitufe, kipaza sauti kikawaka.

"Nasimama hapa kama mzazi tu," mjomba akaanza, na sauti iliyozoea kunyamazisha madarasa ikatiririka. Watoto waachwe wachague. Soda gani imeua mtu? Sisi tumekunywa, na meno haya hapa! Akayaonyesha. Watu wakacheka, wakapiga makofi.

Mwenyekiti, mama asiyechekacheka, akamgeukia karani. "Huyu umemuuliza?"

"Sijamuuliza."

"Ulisinzia?"

"Ni mjomba wangu."

"Ahaa! Na wale wa asubuhi hawana wapwa?"

Nyuma mtu akaguna, "Kikulacho ki nguoni mwako."

"Muulize sasa," akasema mwenyekiti.

Karani akasimama, uso unamwaka. "Mjomba... samahani, mzee. Nani amekulipa uje kusema haya?"

Mjomba akaitazama suti yake kama ya kuazima. "Kampuni ya soda," akajibu, na kipaza sauti kikalipeleka jibu hadi nje kwenye korido.

Hakuna aliyezomea. Bora wangezomea.

Akaambiwa aanze upya, kama utaratibu unavyotaka. "Nasimama hapa kama..." Akakwama. Akavua miwani, akaitia mfukoni, akatoka. Alipompita karani akanong'ona, "Ungeniuliza pale mwanzo, ningekununia wiki moja, yakaisha."

"Anayefuata!"

Akaja wakili mwingine, anatabasamu. "Karani, mimi naulizwa, au nami nijitafutie undugu?"

Karani akauliza. Sauti ikatoka ndogo. Akauliza tena, watu wote wakisikia.