Taa za Maulidi Juu ya Paa la Bi Swaumu

Hebu niambie, wewe ungeweza kuichukua furaha uliyoihangaikia mwaka mzima ukaizima kwa mkono wako mwenyewe, na hakuna aliyekulazimisha? Adila aliweza. Shangazi yake, Bi Swaumu, mkulima wa mwani pale Mlingotini, alikuwepo na aliona.

Juu ya paa la Bi Swaumu kulikuwa na bomba refu, na juu ya bomba kitu cheupe mfano wa kawa la kufunikia chakula. Adila ndiye aliyekifunga, kwa masomo yake ya chuo kikuu. Alimweleza shangazi yake taratibu, bila kumwona mjinga: chombo kile kinapokea mawimbi ya setilaiti, na mawimbi hayo, kabla hayajafika Mlingotini, hupita kwenye tabaka la hewa la juu kabisa, mbali kuliko ndege zinapofika, ambako jua limeijaza hewa umeme. Tabaka likitulia, mstari unaochorwa kwenye kompyuta ya Adila hunyooka. Likichafuka, mstari hutetema. Basi wapo wataalamu wanaosema kwamba ardhi ikikaribia kutetemeka, huko juu huchafuka kwanza. Wengine wanakataa katakata. Adila alikuwa akitafuta ukweli uko upande gani.

Mwezi wa mfungo sita Bi Swaumu alisomesha maulidi nyumbani kwake. Jirani yake Twalib, fundi umeme, akaleta taa zake za kumetameta, na kwa kuwa hapakuwa na kitu kirefu kuliko lile bomba, akazizungusha pale kama mkufu shingoni mwa bibi harusi. Zikawaka kila usiku mpaka maulidi yakasomwa. Asubuhi yake, taa zimeshateremshwa na wanawake wako majini wanafunga mwani, ardhi ikatikisika. Hakuumia mtu. Lakini mchanga chini ya nyayo ulitambaa kama kitu chenye uhai, na Bi Swaumu alirudi nchi kavu kwa magoti, kamba za mwani kaziacha huko huko.

Wiki haikuisha Adila akaja kutoka Dar es Salaam, uso unang'aa. Mistari ilichafuka siku zote za kuelekea tetemeko, kila usiku, kisha ikatulia. Mwalimu wake amemtaka aiwasilishe kazi hiyo mbele ya wataalamu, na huenda ikamfungulia masomo ya juu zaidi. Yeye amekuja tu kukagua kama bomba limesimama sawa, asije akaulizwa akababaika.

Akapanda ngazi. Akakaa kule juu kitambo. Aliposhuka alikuwa na kipande cha waya mkononi, kimekatwa kwa koleo.

"Shangazi, hiki kilikuwa kimefunga nini?"

Bi Swaumu alikuwa anachambua mchicha. Alimwambia yote, tangu taa za Twalib mpaka halua iliyobaki, na kadiri alivyosema ndivyo alivyotamani kunyamaza, maana aliuona ule mng'aro unamtoka mtoto. Akajaribu kumtuliza: taa ni taa, zitafika wapi huko juu? Adila akajibu kwa upole kwamba hazina haja ya kufika. Taa za bei rahisi zina kelele zake ambazo sikio halizisikii, na chombo kinazisikia.

"Lakini bado sijui," akasema. "Tuziwashe tuone."

Adhuhuri ilipopita, saa ambazo huko juu huwa kumetulia, taa zikazungushwa tena palepale. Majirani wakajaa vibarazani.

"Bi Swaumu, maulidi haya ya jua kali, pilau yake iko wapi?" Twalib akauliza kutoka juu ya ngazi.

"Iko kwa mkeo, kaipakue."

Adila hakucheka wala hakununa. Alikaa mkekani, kompyuta mapajani, akimwambia Twalib awashe, azime, awashe. Zikiwaka, mstari unatetema, zikizimwa, unanyooka. Bi Swaumu aliuona mwenyewe, kainama nyuma ya bega lake. Mtu mwingine angetosheka na mara ya kwanza, akafunga kompyuta akalia. Adila aliomba tena na tena, taa zikasogezwa mbali, zikarudishwa karibu, mpaka Twalib akaishiwa mizaha akaanza kuuliza maswali ya maana. Bi Swaumu akawaza: huyu mtoto anakikagua kinachomwumiza kwa uangalifu uleule ambao angekikagua kama kingemfurahisha.

Kisha Adila akampigia simu mwalimu wake. Akasema kilichochafua mistari ni taa zilizowashwa karibu na chombo, kazi ile hataiwasilisha, na kosa ni lake aliyeondoka bila kumwambia mtu nini kisisogezwe pale. Twalib hakumtaja, wala shangazi yake.

Jioni wakala wali na mchuzi wa changu. Bi Swaumu alimwomba radhi, Adila akakataa kuipokea, hapakuwa na la kusamehe. Akawa anauchezea wali kwa vidole, haupeleki mdomoni.

"Shangazi," akasema hatimaye, "nilitaka iwe kweli. Nilitaka siku moja nikupigie simu alfajiri nikwambie, leo usishuke pwani."