Sauti Nyuma ya Bwana Taa

Watoto walimwita roboti wetu Bwana Taa kwa sababu kifuani mwake palikuwa na taa ya duara iliyobadilika rangi kila alipozungumza. Alikuwa na kimo cha mtoto wa miaka mitano, macho makubwa ya plastiki na mikono mifupi ya kupunga. Kazi yake pale kliniki ilikuwa kumtuliza mtoto wakati wa kupimwa uzito, presha na mkojo. Watoto waliamini kwamba roboti yule anajisemea mwenyewe. Kumbe katika chumba cha pili, nyuma ya mlango mwembamba, aliketi mwanafunzi wa uuguzi mwenye kipaza sauti na skrini ya kumwonea mtoto, na mashine iliigeuza sauti yake ikawa nyembamba na ya kuchekesha. Mwezi ule mwanafunzi huyo nilikuwa mimi, kwa zamu na mwenzangu mmoja.

Kanuni moja haikuwa na mjadala: ndugu wa mtoto hakai kwenye kiti kile cha nyuma ya mlango. Lakini siku niliyomleta mtoto wa dada yangu, mwenzangu hakutokea. Nilimwomba Sista, muuguzi mkuu wa kliniki, aniruhusu.

"Wewe si mama yake mdogo?"

"Ndiyo maana, Sista. Nani anamjua kuliko mimi?"

Alinitazama juu ya miwani. "Haya. Yakikushinda, mimi simo."

Nyumbani tulimwita Chiriku, kwa kuwa mdomo wake haukujua kupumzika. Alikuwa na miaka sita na figo zilizovujisha protini. Vidonge vilizituliza, ila vilimfurisha mashavu. Kwa miezi miwili miguu yake ilikuwa imeanza tena kuvimba, na hakuna aliyejua kwa nini. Daktari alikwisha kutuambia kwamba hali ikiendelea hivyo atalazwa kwa wiki kadhaa, aanzishiwe dawa kali zaidi kwa dripu. Dada yangu hakulala vizuri tangu siku ile.

Nilimwachia Sista mtoto, nikamuaga Chiriku kwamba naenda kusaini karatasi, kisha nikazunguka hadi kwenye kiti changu.

"Hujambo, Bwana Taa! Leo umekula nini?"

"Umeme," nilimjibu. "Tena wa jana, umechacha."

Chiriku alicheka akitikisika mwili mzima, hata Sista akashindwa kusoma mzani. "Simama wima, mama, au nikuandikie kilo za tembo?"

Nilijiona mtu mwenye heri. Hiki ndicho nilichokiendea chuoni: dawa isiyomtisha mtoto.

Sista alipotoka kupeleka kikopo cha mkojo maabara, Chiriku alimsogelea roboti hadi paji lake la uso likajaa kwenye skrini yangu.

"Bwana Taa, una siri?"

"Ninazo. Na wewe?"

"Mimi vidonge simezi. Naviweka chini ya ulimi, halafu navitumbukiza ndani ya dubu wangu, mgongoni pale alipochanika. Shuleni wananiita Puto." Alishusha sauti. "Usimwambie mtu. Mama mdogo ndiyo kabisa, ataumia."

Tulifundishwa kwamba Bwana Taa hamkatalii mtoto kitu. Nilibonyeza kitufe, nikasema, "Sitamwambia mtu." Taa ikawaka kijani.

Kisha nikatoka mbio kumtafuta Sista. Nilimkuta kwenye korido akirudi, nikamweleza yote kwa pumzi moja.

"Naomba umwambie kwamba mkojo ndio umeonyesha," nilimsihi. "Bwana Taa usimtaje."

"Sawa," alisema, akaendelea na safari yake.

Niliiamini ile sawa. Nilirudi kitini, nikavaa kipaza sauti, na kwenye skrini nikamwona Sista akivuta kigoda, akaketi uso kwa uso na Chiriku.

"Mama, Bwana Taa ameniambia vidonge viko ndani ya dubu."

Chiriku hakulia. Alimgeukia roboti polepole.

"Umesema?"

Nilikuwa na maneno ya kumtuliza anayeogopa sindano, ya anayemtaka mama yake, ya anayeogopa giza. La kumjibu huyu sikuwa nalo.

"Si ulisema hutamwambia mtu?"

Bwana Taa alikuwa amepangwa kupunga mkono kila kimya kilipozidi sekunde kumi. Akainua mkono wake mfupi, akapunga kwa furaha.

"Mwongo," Chiriku alimwambia.

Nilikitupa kipaza sauti, nikazunguka hadi mlango wa mbele. Aliponiona alinikimbilia, akauficha uso wake tumboni pangu.

"Twende, mama mdogo. Yule mbea. Siri zangu nitakuwa nakwambia wewe tu."

Nilimkumbatia, nikamtazama Sista kwa hasira niliyokuwa sijawahi kuielekeza kwa mtu mzima. "Ulisema sawa!"

"Nilisema sawa ili unipishe nifanye kazi. Kosa langu hilo, nalibeba. Lakini mtoto miguu inavimba, na wewe unataka adanganywe mara ya pili kwa asubuhi moja?"

Chiriku aliinua uso. "Ya kwanza ni ipi?"

Ningeweza kusema ni Bwana Taa, na angeniamini. Mkono wake ulikuwa bado ndani ya mkono wangu. Nilipiga magoti.

"Ni mimi, mwanangu. Sauti ile ni yangu. Huwa nakaa nyuma ya mlango ule."

Alimtazama roboti, akautazama mlango, akanitazama mimi.

"Ile ya umeme umechacha?"

"Ndiyo."

"Na ile ya siri?"

"Na ile ya siri."

Aliuchomoa mkono wake, akaufuta kwenye gauni. Kisha akarudi kusimama mbele ya kigoda.

"Sista, mashavu yatarudi kama zamani?"

"Yatarudi, daktari akipunguza dozi. Si mwezi huu, wala ujao. Puto watakuita mpaka hapo. Nitaongea na mwalimu wako, lakini midomo ya watoto siwezi kuifunga."

"Na nisipomeza?"

"Utalala hapa wiki nyingi, na sindano juu."

Chiriku alinyoosha kiganja. Sista alimpa kidonge na kikombe cha maji. Alimeza, akaasama, akainua ulimi ili Sista aone kwamba chini yake hapakuwa na kitu.

Niliinama nami nitazame. Akafumba mdomo.