Barua Saba za Kuomba Paa

Kituo chetu cha kurejeleza taka kilikuwa na kila kitu isipokuwa paa. Tuna mapipa manne ya rangi nne, ili watu wa mji huu wawe na uhuru wa kutupa maganda ya ndizi katika rangi waipendayo. Tuna pia bango la plastiki, pana kama ukuta mzima, lenye picha ya Mheshimiwa mkuu wa mji akitabasamu juu ya maneno "Usafi Unaanza na Wewe". Alilitundika siku ya ufunguzi. Tangu hapo hakuwa amerudi, maana usafi unaanza na sisi.

Paa lilihitajika upande wa karatasi. Karatasi ikilowa huota ukungu, na kiwanda hakipokei ukungu. Mwezi uliopita dereva wa lori la kiwanda alichomeka mkono kwenye rundo, akautoa unachuruzika maji, akaniangalia kwa huruma niliyoichukia.

"Dada, nikikuta zimelowa tena, sirudi. Ndivyo nilivyoambiwa."

Asiporudi, wachambuzi sita wa taka wanakwenda nyumbani, na wa kwanza ni mama mdogo wangu, aliyenilea, ambaye hana kazi nyingine wala magoti ya kuitafutia.

Si kwamba nilikuwa nimekaa tu. Mimi ni msimamizi msomi, kwa hiyo niliandika barua. Niliandika saba. Mama mdogo alizipeleka mwenyewe ofisini kwa Mheshimiwa, kila mara akivaa gauni lake la kuendea harusi, kwa sababu alisema barua ya adabu haipelekwi na mtu mwenye aproni. Alipanda ngazi mpaka ghorofa ya tatu, bahasha ikagongwa muhuri wa kupokelewa, akashuka. Kila aliporudi alikuwa na habari njema.

"Wamesema inashughulikiwa, mwanangu."

Na kweli ilishughulikiwa. Jumatatu moja gari la ofisi lilituletea magunia ya karatasi chakavu, mchango wao kwa mazingira. Mama mdogo alikaa kuyachambua. Baada ya muda nikaona mikono yake imesimama. Mapajani mwake zilikuwa bahasha saba, mwandiko wangu, muhuri wao, na gundi haijaguswa.

"Hii ya tatu," alisema, "ndiyo ya siku ile niliyoanguka kwenye ngazi."

Hakulia. Niliyelia ni mimi, kwa hasira, mbele ya wafanyakazi wangu, na sijutii hata kidogo. Yeye alizipangusa vumbi, akazitia mkobani, kisha akauliza ngazi yetu ndefu iko wapi.

Tulilishusha bango, tukalitandaza juu ya nguzo za upande wa karatasi na kulikaza kwa kamba, picha ikiangalia chini. Tukawa tunachambua taka huku Mheshimiwa akitutabasamia kutoka juu. Mvua ilinyesha siku mbili mfululizo. Dereva alikuja, akachomeka mkono kwenye rundo, akautoa mkavu, akacheka.

"Pakieni."

Habari hizi zilifika ghorofa ya tatu upesi kuliko barua yoyote. Kesho yake Mheshimiwa alikuja na mpiga picha wa video, akasimama chini ya tabasamu lake, akasafisha koo.

"Barua zenu zote tulizipokea," aliiambia kamera. "Nilizisoma mwenyewe, moja baada ya nyingine, zikanigusa sana. Na leo paa hilo mnaliona."

Nilifungua mdomo, lakini mama mdogo alinitangulia. Safari hii alikuwa na aproni yake. Alichomoa bahasha moja mkobani, akampa kwa mikono miwili, kwa heshima zote.

"Mwanangu, macho yangu yamechoka. Hebu nisomee hii ya tatu."

Mheshimiwa aliigeuza. Mbele kulikuwa na muhuri wa ofisi yake, nyuma gundi yangu. Kamera ilikuwa bado inarekodi, na mwenye kamera hakuonyesha dalili ya kutaka kuizima. Ikambidi aichane. Sote tuliisikia ikichanika.

"Tunaomba paa kabla ya mvua..." alianza, kisha akaikunja barua.

"Basi, inatosha," mama mdogo alimwambia kwa upole. "Hiyo bahasha, pipa lake ni lile la bluu."

Mheshimiwa akaenda, akaitupa kwenye la bluu. Ndiye mtu wa kwanza mjini kupatia rangi.

Mabati yalifika Alhamisi. Mifereji ya kuteremshia maji bado hatujapata, lakini mama mdogo hana wasiwasi. Mkobani zimebaki bahasha sita.