Vifurushi Kumi na Vinne

Radi iliyopiga nguzo ya umeme nyuma ya ofisi Jumapili ile ya masika iliunguza kompyuta sita kwa mkupuo. Jumatatu asubuhi Mwanaheri aliipata harufu ya plastiki iliyoungua kabla hata hajafungua mlango. Alizunguka meza moja baada ya nyingine akibonyeza vitufe. Kimya. Iliyoitika ilikuwa ya kwake tu, ile ya dirishani, pamoja na seva, kompyuta kubwa iliyotunza kazi zote za ofisi. Hizo mbili alikuwa amezichomoa ukutani Jumamosi alipoona mawingu yanashuka kutoka milima ya Uluguru.

Ofisi yenyewe ilikuwa ya kupanga kurasa za vitabu, mjini Morogoro, kwenye barabara ya kwenda Bigwa. Serikali ilikuwa imeruhusu watu binafsi kutoa vitabu vya shule, na Bi Ester, mwalimu mstaafu, alikuwa mmoja wa waliojitosa. Hisabati ya darasa la tatu ilitakiwa kufika kwa mchapaji Dar es Salaam siku ya Ijumaa. Kurasa arobaini zilikuwa hazijaguswa.

Bi Ester alisimama mlangoni, mwavuli ukimchuruzikia miguuni. Hakupiga kelele. Alipiga simu Dar, akapata kompyuta sita zilizokwisha tumika, akaahidiwa kwamba zitafika kesho yake mchana.

"Zikifika, tunaanza saa ngapi?" aliuliza.

Aliyepaswa kujibu ni Mzee Kasimiri. Huyu alikuwa mtu wa Mgeta, mrefu, mwenye miwani iliyofungwa uzi. Kwa miaka ishirini na mbili alipanga herufi za madini ya risasi kwenye kiwanda cha uchapaji cha umma, mpaka kiwanda kilipobinafsishwa naye akapunguzwa kazini. Kompyuta alijifunza akiwa na miaka hamsini na moja. Waandishi wote sita, waliopanga kurasa hizo, walifanya kazi ndani ya kihariri, programu ya kuandikia maandishi matupu, na ili kiwafae ilibidi kiongezewe vifurushi kumi na vinne: cha kukagua tahajia ya Kiswahili, cha kuchora majedwali, cha kuandika sehemu za hesabu kama nusu na robo, cha kukata neno mwisho wa mstari, na vingine vya namna hiyo. Kasimiri ndiye aliyeviingiza, kimoja kimoja, akifuata daftari lake.

"Kompyuta moja nusu siku," alisema. "Sita ni siku tatu. Ijumaa jioni ziko tayari."

"Ijumaa jioni kitabu kinatakiwa kiwe Dar, mzee."

"Najua, mama. Mimi nasema ukweli wa kazi."

Mwanaheri aliuweka chini waya aliokuwa anaukagua. Alikuwa na miaka ishirini na tisa, mzaliwa wa Mkuyuni, na ndiye aliyetunza mitambo ya ofisi.

"Mimi nasema kesho saa kumi jioni watu wanaandika," alisema.

Kasimiri alimtazama juu ya miwani. "Una mikono mingapi, binti?"

"Miwili. Ila sitaitumia. Kihariri kitajiingizia vifurushi chenyewe."

Kila kihariri kina faili la mipangilio, ambalo hulisoma kinapofunguliwa ili kijue mwenyewe anataka nini. Wengi waliandika humo ukubwa wa herufi na rangi ya ukurasa, basi. Mwanaheri alifungua faili lake na kuandika majina ya vifurushi vyote kumi na vinne, yakifuatana. Chini yake akaandika maagizo mafupi: chukua jina la kwanza, tazama kama kifurushi hicho kimo, kama kimo, pita, kama hakimo, kifuate kwenye seva, kiingize, kisha nenda jina linalofuata. Mistari tisa. Alikifunga kihariri, akakifungua. Kikafunguka bila neno. Akatabasamu, akaenda kula.

Jumanne saa saba gari likaingia. Kompyuta zikapangwa mezani, nyaya zikaungwa. Mwanaheri alinakili kihariri kitupu na faili lake kwenye kompyuta ya kwanza, wenzake wote wakiwa wamesimama nyuma ya kiti, akafungua kihariri.

Maandishi mekundu yalijaa kioo. Kifurushi cha kwanza hakipatikani.

Akajaribu kompyuta ya pili. Hakipatikani. Alikagua waya, akakagua jina herufi kwa herufi. Jina lilikuwa sahihi, seva ilikuwa inaitika. Nyuma yake mtu alianza kuvuta kiti kwenda kukaa. Mwanaheri hakuinuka. Lilelile faili kwenye kompyuta yake lilifanya kazi. Kwa hiyo kosa halikuwa katika alichokiandika. Lilikuwa katika alichokisahau.

"Mzee," aliita bila kugeuka, "ukianza kompyuta tupu kabisa, unafanya nini kabla ya kifurushi cha kwanza?"

Kasimiri hakuhitaji daftari. "Naleta orodha."

"Orodha gani?"

"Ya vilivyomo kwenye seva. Kompyuta mpya haijui huko kuna nini. Usipoileta orodha kwanza, hata ukitaja jina vipi, itakwambia hakuna."

Mwanaheri alijipiga paji la uso. Kompyuta yake ilikuwa na orodha hiyo tangu mwaka juzi, na vifurushi vyote vilikuwamo tayari. Jana alipojaribu, faili halikuwa na kazi yoyote ya kufanya. Ndiyo maana lilikubali. Akaongeza mistari miwili juu ya ile tisa: kama orodha haipo, ilete kwanza. Akafungua kihariri tena.

Safari hii majina yalianza kupita sehemu ya chini ya kioo. Tahajia. Majedwali. Sehemu. Yalipita bila mtu kugusa kitu, na ilipofika dakika ya kumi na moja ukurasa mweupe ulitulia, vyote kumi na vinne vikiwa ndani. Mwandishi mmoja alipiga makofi. Mwanaheri alikuwa ameshahamia meza ya pili.

Saa tisa na nusu watu walikuwa wanaandika.

Kasimiri tu ndiye aliyekuwa hajakaa. Alikuwa dirishani, daftari mkononi, anatazama mvua. Mwanaheri alimwendea.

"Kule kiwandani," mzee alisema, "mitambo mipya ilipokuja, hakuna aliyeniuliza neno. Niliambiwa nisaini karatasi."

"Mimi nimekuuliza. Na nitaendelea kukuuliza. Faili linajua kuingiza, halijui kipi kinafaa. Watu wale sita hawajui kwa nini sehemu inakaa vile kwenye mstari. Wewe unajua."

Mzee alivua koti. "Huyu wa meza ya nne anaacha nafasi kubwa mno baada ya nukta," alisema, akaenda.

Siku tatu hizo alikagua kila ukurasa uliotoka, akarudisha kumi na saba. Ijumaa saa tatu asubuhi kazi yote ilipanda basi la Dar es Salaam, na mchapaji akapiga simu jioni kusema ameipokea na hana swali.

Wiki iliyofuata Bi Ester aliwaita wote wawili ofisini kwake. Mezani palikuwa na tangazo la zabuni ya vitabu vya sayansi, darasa la tatu mpaka la tano, ambalo alikuwa amelikwepa kwa mwezi mzima.

"Hii inataka kompyuta ishirini," alisema. "Na waandishi wapya ambao hawajui lolote. Tutaweza?"

"Ziwe ishirini, ziwe arobaini," Mwanaheri alijibu, "faili ni moja."

"Na waandishi?"

"Nipe wiki mbili nao," alisema Kasimiri, "na chumba kisichovuja."

Bi Ester aliijaza fomu palepale. Vitabu vitatu waliomba, viwili wakavipata, na mwezi wa nane Mwanaheri alikuwa anapita kati ya meza ishirini, akifungua vihariri kimoja baada ya kingine na kuviacha vijihangaikie.